Jurati ni Kauli ya Wakili: Mhadhara kwa Mawakili Kuhusu Viapo na Maadili

Wasomi wenzangu, mada ya maadili ni pana kiasi kwamba mtu anaweza kuizungumza saa nzima asiguse chochote. Leo nitabaki kwenye mistari minne ya mwisho ya hati moja ambayo kila mmoja wetu huigonga muhuri, pengine mara kadhaa kwa siku: jurati ya hati ya kiapo.

Hati ya kiapo ina kauli za watu wawili. Mwapaji anaeleza mambo anayoyajua, na akisema uongo, Kanuni ya Adhabu inamhusu yeye. Kamishna wa viapo, yaani wakili anayemwapisha, naye anatoa kauli yake mwenyewe kwenye jurati: kwamba mtu huyu alikuwa mbele yangu, mahali hapa, tarehe hii, akaapa au akathibitisha. Wakili anayegonga muhuri bila kumwona mtu hawezi kujitetea kwamba aliamini maelezo ya mteja. Yaliyo kwenye jurati hayakutoka kwa mteja.

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Wathibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12 ya sheria za Tanzania, kinamtaka kamishna aeleze kwa ukweli mahali na tarehe ya kuapisha. Marekebisho ya mwaka 2016 yakaongeza kwamba aandike na jina lake. Sharti la mahali na tarehe si geni: lilikuwemo kwenye kifungu cha 5 cha sheria ya Uingereza ya makamishna wa viapo ya mwaka 1889, na wenzetu wa Kenya wanalo kwenye Sura ya 15 ya sheria zao. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Dodoli Kapufi na mwenzake, Maombi ya Jinai Na. 11 ya 2008, ilisema kwamba kukosekana kwa jurati, au kutoonyesha tarehe na mahali, au jina la aliyeapisha, au saini ya mwapaji kwenye jurati, kunakiharibu kiapo kiasi cha kutotibika.

Sasa tuangalie namna mambo yanavyoharibika kwa kawaida. Saa tatu asubuhi karani anaingia na viapo sita vilivyokwisha kusainiwa, anasema wateja wamo ndani ya daladala, na siku ya mwisho ya kusajili ni leo. Muhuri unagongwa. Wiki mbili baadaye mjibu maombi anawasilisha kiapo kinzani chenye nakala ya pasipoti ikionyesha kwamba siku ile mwapaji alikuwa Dubai. Au inatokea cheti cha kulazwa hospitali Mwanza, wakati jurati inasema Dar es Salaam. Ikifika hapo, suala limeshavuka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka kiapo kikataliwe kabla ya shauri kusikilizwa. Kamati ya Mawakili inaweza kumkemea wakili, kumsimamisha, au kumwondoa kwenye orodha. Na jaji naye ana mamlaka ya kumsimamisha chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Maombi ya mteja, ambayo huenda yalikuwa na hoja nzuri, yanaondolewa mahakamani pamoja na kiapo.

Muhuri kukaa kwenye droo ya karani ndiyo chanzo cha mengi ya haya. Nashauri muhuri uwekwe chini ya kufuli, na ufunguo uwe kwa wakili.

Tuje kwenye kumtambua mtu, ambako nadhani tumezembea zaidi. Mfumo wa jurati unatoa njia mbili. Ama mwapaji namfahamu mimi mwenyewe, ama ametambulishwa kwangu na fulani, na huyo fulani namfahamu mimi mwenyewe. Hakuna njia ya tatu. Hata hivyo, mara nyingi utakuta fomu imeachwa na njia zote mbili bila kufuta moja, maana yake kamishna hajasema lolote. Au imeandikwa "ametambulishwa na Juma", na Juma mwenyewe kamishna hajawahi kumwona kabla ya asubuhi hiyo. Kitambulisho cha Taifa ni msaada mkubwa: linganisha sura, andika namba kwenye daftari lako. Lakini kadi haikufanyi umfahamu mtu. Kama humfahamu mwapaji wala aliyemleta, mpeleke kwa kamishna anayemfahamu, au amlete mtu unayemjua kweli. Ni usumbufu, ndiyo, hasa kwa mteja aliyetoka kijijini.

Daftari hilo liwe na tarehe na saa, jina kamili la mwapaji, aina na namba ya kitambulisho, jina la aliyemtambulisha, idadi ya kurasa, na saini au dole gumba. Dakika tatu zinatosha. Siku ukihojiwa kuhusu kiapo cha miaka minne nyuma, kumbukumbu ya kichwani haitakusaidia.

Kuapisha kwenyewe kuna hatua zake. Hati ije haijasainiwa. Muulize mwapaji kama ameisoma, na umtake akueleze kwa maneno yake yaliyomo. Akishindwa, simama hapo. Uliza imani yake: Mkristo huapa, na asiye Mkristo, au anayepinga kuapa, huthibitisha, yaani hutoa tamko rasmi badala ya kiapo. Maneno ya utangulizi wa hati na maneno ya jurati yafanane, maana kuna viapo vinavyoanza kwa "Mwislamu, nathibitisha" na kuishia "kimeapwa". Kisha asaini mbele yako, nawe usaini, uandike jina lako, mahali na tarehe kwa mkono wako. Viambatisho viwe na herufi zake na uviwekee alama ya utambuzi. Penye marekebisho ya kalamu, wote wawili mtie herufi za majina yenu. Na jurati isikae peke yake kwenye ukurasa. Angalau aya moja ya maelezo iwe juu yake, vinginevyo kurasa za mbele zinaweza kubadilishwa na muhuri wako ukabaki palepale. Ukurasa wowote ukichapwa upya baada ya kuapisha, mwapaji arudi aape upya, hata kama kilichobadilika ni nukta.

Kuna suala la lugha ambalo hatulizungumzi vya kutosha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza, lakini viapo vingi bado tunaviandika kwa Kiingereza kwa sababu ndizo fomu tulizonazo kwenye kompyuta. Mwapaji asiyejua Kiingereza akisaini hati ya Kiingereza, ameapa nini? Ukilazimika, jurati ionyeshe kwamba alisomewa na kutafsiriwa, na nani, na kwamba alionekana kuelewa kabla ya kusaini au kuweka dole gumba; ni hivyohivyo kwa asiyeona na asiyejua kusoma. Kwangu mimi, rahisi zaidi ni kukiandika kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Nani asiapishe? Kifungu cha 7 cha Sura ya 12 kinamkataza kamishna kuapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo au ana maslahi. Watu hukwepa kwa kumpa mwenzao wa chumba cha pili katika ofisi ileile. Mimi naona hilo ni kujitafutia pingamizi bure. Vuka barabara, nenda ofisi nyingine. Na mkibadilishana mihuri kila siku, ofisi yako na yake, bila kuwaona waapaji, hamjavuka barabara yoyote.

Upande wa anayeandaa hati, nitapita haraka. Kiapo ni ushahidi. Tangu Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, shauri la Matovu la mwaka 1966, tunajua hakitakiwi kuwa na hoja za kisheria, maombi wala hitimisho. Aya moja mbovu inaweza kufutwa na kiapo kikabaki, kama ilivyosemwa katika Phantom Modern Transport dhidi ya D.T. Dobie, na kasoro ya uthibitisho, yaani sehemu ya mwisho ambayo mwapaji anaeleza yapi anayajua mwenyewe na yapi ameambiwa, mahakama imeshawahi kuruhusu irekebishwe. Lakini kuna wanaoandika ovyo kwa kutegemea huruma hiyo. Katika uthibitisho, tenganisha: aya ya 1, 2 na 5 nazijua mwenyewe, ya 3 na 4 nimeambiwa na fulani. Na huyo fulani naye aape. Katika NBC dhidi ya Superdoll, Maombi ya Madai Na. 13 ya 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kiapo kinachomtaja mtu mwingine ni tetesi mpaka huyo mwingine aape pia. Karani wa mahakama aliyekwambia nakala ya hukumu haijawa tayari anaingia humo.

Wakili kuapa kwa niaba ya mteja kunaruhusiwa kwa mambo anayoyajua mwenyewe tu, kama yaliyotokea siku alipokuwapo mahakamani; ndivyo ilivyoamuliwa katika Lalago Cotton dhidi ya LART. Ukiapa kuhusu mkataba ambao hukuwepo ukisainiwa, mahakama inaweza kukuita uhojiwe maswali ya dodoso, na hapo utakuwa shahidi katika shauri unaloliendesha.

Limebaki gumu zaidi. Umesajili kiapo, kisha mteja anakwambia faraghani kwamba aya ya 6 si kweli. Huwezi kusimama kesho yake na kumwambia jaji aisome aya ya 6. Mwambie mteja, kwa maandishi, kwamba kiapo kirekebishwe au kiondolewe. Akikataa, omba kujitoa kwenye shauri, na sababu utakayoitoa mahakamani iishie kwenye kutoelewana na mteja. Siri yake inabaki siri hata baada ya wewe kuondoka. Fanya hivyo kabla ya siku ya kusikilizwa, kwa sababu kujitoa asubuhi ya shauri kunamwacha mteja bila muda wa kutafuta mwingine, na hilo nalo ni lalamiko.

Fungueni ukurasa wa pili wa nakala mlizopewa mlangoni. Kiapo kile kina jurati yenye kasoro nne. Tuzitafute pamoja kabla ya maswali.