Wazee Wetu Wenye Vituko

Mbukwenyi! Haya, mmeitikia vizuri, basi tuko nyumbani. Mimi si profesa. Ni mpenzi wa ngoma tu, yule anayewahi kiti cha mbele na kufukuzwa wa mwisho. Niliombwa niwazungumzie wanamuziki wetu wa asili. Nimechagua wawili, wale waliotuchekesha kwanza.

Wa kwanza sikuwahi kumwona kwa macho: Mzee Morris Nyunyusa. Wa rika langu mnakumbuka. Ngoma zikilia Radio Tanzania, taarifa ya habari inakuja, na baba hataki hata kusikia mtu anakohoa. Mimi nikiamini studio imejaa wapigaji, kama kijiji kimevuna uwele. Nikaambiwa ni mtu mmoja, ana ngoma 14, tena haoni. Nikakataa. Nikapanga madebe na sufuria za mama uani nijaribu mwenyewe. Nilifika vyombo vitatu, sufuria ikabonyea, na fimbo nilizopata hazikuwa na mahadhi yoyote.

Mzee Morris alitoka kusini. Wa pili ni wetu sisi Wagogo, mzaliwa wa Doduma huku Dodoma: Hukwe Zawose.

Nilimwona mara moja. Mtu mzima, manyoya kichwani, njuga miguuni, mabega yanatikisika peke yake kama si yake. Anakodoa macho, anacheka katikati ya wimbo. Tuliokaa mbele tukaangua kicheko. Kisha akashusha sauti chini kabisa, kama ng'ombe dume anayenguruma zizini usiku, na kabla hatujavuta pumzi akaipandisha ikawa ya mtoto mdogo. Kicheko kilikatika. Jirani yangu alikuwa na karanga mdomoni, alisahau kutafuna.

Na ile ilimba, kile kisanduku cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba! Ya kwake ilikuwa na vyuma vingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na vingine havigusi kabisa. Vinatetemeka vyenyewe wenzao wanapopigwa. Kwenye kisanduku kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ndio unaotoa ule mvumo wa nyuki. Nani aliyekaa akawaza kumpa buibui kazi ya muziki? Mimi nilijaribu kuziba kwa nailoni. Ikalia kama mbu.

Mwalimu Nyerere alimsikia, akamwita Dar es Salaam. Baadaye Hukwe akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 2002 yeye na Charles, mtoto wa ndugu yake, walizunguka na Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza, kwenye kumbi za Marekani. Alifariki Desemba 2003, na Charles naye hakumaliza mwaka uliofuata.

Wapo wanaosema manyoya yale yalikuwa ya kuwafurahisha Wazungu. Hapana, na hapo huwa nakasirika. Nendeni Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Kigogo, muwaone mama zetu wamebana ngoma za muheme katikati ya mapaja, mabega yanaruka vilevile, na hakuna aliyewalipa dola. Hukwe alibeba uwanja wa nyumbani akaenda nao.

Na nyumba yake bado inalia. Pendo na Leah Zawose, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu mwaka 2024. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo ule waliitikia nyuma. Sasa ndio wanaoanzisha.

Nimezungumza kuliko nilivyopewa. Babu pale mlangoni amekuja na ilimba mfukoni mwa koti, na tangu nianze kuongea anaipapasa tu. Babu, karibu mbele. Sisi wa karanga tumeshameza.