Kodi Inayokufuata Hadi Likoni

Ahsanteni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na wanaonijua washaanza kucheka. Mada ni kodi ambayo Marekani humdai raia wake popote aishipo. Naanza na mweka hazina wangu, kama kawaida. Mliokwisha kumsikia, nivumilieni.

Dada yetu huyu ni wa Likoni. Alizaliwa Ohio, babake akiwa masomoni, akarudishwa na miaka miwili. Theluji yenyewe haikumbuki. Ana kiduka cha leso. Kina mama wenzake walimwamini wakamfanya mweka hazina wa chama cha mazishi. Akaunti ina saini tatu, moja yake. Ndani mna kama shilingi milioni moja na nusu, na hata ndururu humo si yake.

Sasa sikilizeni. Kuzaliwa tu Ohio kulimfanya raia wa Marekani. Na raia wa Marekani mwenye saini kwenye akaunti za nje, zikipita pamoja dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka, lazima aziripoti Wizara ya Fedha, Washington. Kila mwaka! Sanda inunuliwe Likoni, ripoti iende Washington. Asiporipoti, hata kwa kutojua, faini yaweza kufika dola 10,000 na zaidi. Mnadhani natia chumvi? Alexandru Bittner, mzaliwa wa Romania aliyepata uraia wa Marekani kisha akarudi kwao, alidaiwa dola milioni 2.72 kwa kutoripoti kwa miaka mitano. Serikali ilihesabu kila akaunti, moja moja. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaiambia ihesabu ripoti, si akaunti. Deni likashuka hadi dola 50,000. Na huko ndiko kushinda kesi.

Mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Najua: “Lakini kuna msamaha.” Upo. Kwa mwaka 2024, mapato ya kazi ya nje hadi dola 126,500 yalisamehewa. Lakini msamaha huo hauji mlangoni kukubishia hodi: usipojaza fomu, huupati. Na huyu amejiajiri! Faida ya dola 400 kwa mwaka, narudia, mia nne, yatosha kumlazimu kujaza fomu. Halafu kuna ile kodi ya asilimia 15.3 ya kugharimia pensheni na matibabu ya wazee wa kule. Hiyo msamaha hauigusi, kwani Kenya haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Marekani. Nchi yoyote ya Afrika haina. Kwa hiyo leso za Likoni zinawatunza wazee wa Florida, ilhali bibi yake mwenyewe anangoja M-Pesa.

“Basi aukane uraia.” Kwa pesa za nani? Mwaka 2014 ada ilipandishwa kutoka dola 450 hadi 2,350, ikakaa hapo zaidi ya miaka kumi. Tena asipothibitisha kuwa kodi zake za miaka mitano zimenyooka, anatiwa kapu moja na mabilionea kwa kodi ya kuondoka. Boris Johnson alizaliwa New York, akaondoka mtoto. Alipouza nyumba yake London, Wamarekani wakamdai kodi ya faida. Alipiga kelele, akalipa, baadaye akaukana uraia. Yeye alikuwa meya wa London. Wa Likoni atamlilia nani?

Nilitaka kuieleza kesi ya Cook ya 1924, yule aliyeishi Mexico, mahakama ikasema uraia unamfaa mtu popote alipo, basi alipe. Unamfaa kwa lipi, tutaulizana siku nyingine. Eritrea nayo hutoza kodi ya asilimia mbili kwa watu wake walio nje. Marekani ilipiga kura Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuilaani kwa namna inavyoitumia na kuikusanya kodi hiyo. Chekeni tu.

FATCA, sheria ya Marekani ya 2010 kuhusu akaunti za nje, kwa mbio: benki isiyowataja wateja wake Wamarekani hukatwa asilimia 30 ya malipo fulani yatokayo Marekani. Ndiyo maana fomu ya benki inakuuliza ulizaliwa wapi.

Naona mwenyekiti keshasimama. Namalizia na dada yetu: amejiuzulu. Chama kilipomtafuta mwingine, swali lilikuwa moja tu, umezaliwa wapi? Mama mmoja akajibu, “Kwale, chini ya mwembe.” Akapita bila kupingwa.