Mama Alijibu Maswali, Binti Akaambiwa Alipe

Assalaam aleikum. Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mliovuka bahari kutoka Pemba, ahsanteni kwa kuja.

Walionisikia siku nyingine nikizungumzia makala zetu za utafiti zisomwe bure wanajua nitaanzia kwa yule binti wa Micheweni, Pemba. Nitaendelea kuanzia kwake mpaka jambo lake lipate ufumbuzi.

Alinijia maktaba, simu mkononi. Alikuwa anaandika tasnifu yake kuhusu mwani, kwa sababu kwao wanalima mwani. Habari zake mnazijua: kilimo kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, wanawake ndio walioubeba. Mnajua pia mwani aina ya cottonii, ule wenye bei, unavyopauka na kukatika bahari ikipata joto, watu wakabaki na spinosum, ule wa bei ya chini. Binti alitaka kujua sababu. Akatafuta, akapata makala, na muhtasari wake ukawa unataja pwani ya kwao. Akampigia mama yake: waliwahi kuja watu wa chuo kukuuliza habari za mwani? Mama akasema walikuja, tena wakakaa barazani, wakapewa madafu, wakauliza mpaka maji yakajaa na siku ile hakushuka shambani kwake.

Kumbe mama yumo ndani ya utafiti ule. Siku yake ya kazi imo, na ujuzi wake wa miaka umo. Binti akabonyeza asome mbele, akaambiwa alipe dola thelathini na kitu. Pigeni hesabu wenyewe kwa bei ya kilo ya mwani mkavu.

Sasa sikilizeni. Mwandishi wa makala ile ofisi yake iko juu ya maktaba. Nikapanda ngazi, nikamkuta, mtu muungwana kabisa. Akafungua kompyuta, faili lipo: nakala yake ya mwisho, imeshapitiwa na wahakiki, mhariri ameshaikubali. Imelala pale miaka mitatu. Kuipandisha kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, pale kazi za walimu zinapowekwa mtandaoni zisomwe bure, kulituchukua dakika saba, na dakika mbili katika hizo alikuwa anatafuta nywila. Nikashuka, binti bado yuko mezani. Akaisoma bure, pale pale, kwenye simu yake.

Dakika saba, jamani. Kila ninaposimama naambiwa tatizo ni bajeti, tatizo ni mitambo. Mitambo ipi? Programu za kuendeshea hazina kama hiyo zipo: EPrints ilitolewa bure mwaka 2000, DSpace mwaka 2002. Wanafizikia wanaweka makala zao katika arXiv, hazina yao ya mtandaoni, tangu 1991, bila kungoja waraka wa mtu. Mwaka 1994 mwanasayansi Stevan Harnad aliwaambia wanazuoni wenzake jambo jepesi: makala za utafiti hatulipwi kuziandika, tunataka zisomwe tu, basi tuziweke mtandaoni wenyewe. Tamko la Budapest la mwaka 2002 likaitaja njia hiyo waziwazi, kuwa ni mojawapo ya njia mbili za ufikiaji huria, yaani kila mtu asome utafiti bure mtandaoni. Sisi mlango tumeukuta wazi, na bado tumesimama nje.

Atasema mtu: lakini nilisaini fomu ya hakimiliki. Umeisoma? Wachapishaji wengi wanakuruhusu kuweka nakala iliyokubaliwa, yaani ile yako uliyoiandika wewe na kuirekebisha baada ya uhakiki, siyo ile waliyoipanga wao kurasa na kuitia nembo. Wengine wanataka usubiri miezi sita au kumi na mbili. Masharti ya majarida yanaangaliwa bure katika tovuti ya Open Policy Finder, ile iliyokuwa ikiitwa Sherpa Romeo. Njooni maktaba tuwaangalizie. Na kama kuna kusubiri, weka leo hiyo hiyo, ifungwe. Jina na muhtasari vitaonekana, anayeihitaji atabonyeza kitufe cha kuomba nakala, nawe utamtumia kama ulivyokuwa ukimtumia mtu kwa posta zamani. Msingoje muda upite ndipo mkumbuke. Hamtakumbuka. Faili litakuwa kwenye kompyuta iliyokufa.

Mwengine ataniambia: ufikiaji huria si ndio hao wanaotudai dola elfu mbili ili watuchapishe? Hapana! Hilo nimelijibu mpaka sauti imekauka. Hao wanamtoza mwandishi kwa kuchapisha. Mimi sisemi ubadilishe jarida, wala sisemi utoe hata shilingi. Chapisha unapotaka, kisha weka nakala yako nyumbani, kwenye hazina ya chuo.

Na anayeogopa kuibiwa: kazi iliyowekwa hadharani kwa jina lako na tarehe ni rahisi kuitetea kuliko iliyofichwa.

Hiari peke yake haitoshi, tumeshaijaribu. Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, mwaka 2007, chini ya rekta wao Bernard Rentier, kilisema katika kupandisha vyeo tutahesabu tu makala zilizomo kwenye hazina yetu. Zikaingia. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 2008 walimu wa kitivo cha sanaa na sayansi walipiga kura wenyewe kuwa makala zao ziwekwe kwenye hazina ya chuo. Naiomba kamati yetu ya vyeo sentensi moja tu kama ile ya Liège.

Naona mwenyekiti ananionesha saa. Nilitaka nizungumzie Pemba na ule utafiti uliotoka katika jarida la tiba The Lancet mwaka 2006, wa kuwapa watoto madini ya chuma penye malaria, uliowafanya WHO waangalie upya ushauri wao kwa dunia nzima. Watoto wale walikuwa wetu. Muuguzi wa Wete ana haki ya kusoma kila kilichotoka kwenye damu ya wagonjwa wake. Na nilitaka niombe kila makala iwe na muhtasari wa Kiswahili, sheha naye asome walichojibu watu wake. Hilo tutalizungumza siku nyengine, in shaa Allah.

Leo nina ombi moja. Nimeweka kompyuta mbili pale maktaba, na mimi nitakuwepo mpaka Alasiri. Mliokuja na kompyuta zenu, tafuteni faili la makala yenu ya mwisho sasa hivi, kabla chai haijaja. Binti wa Micheweni yupo safu ya nyuma, na bado anahitaji makala nne.