Kabla Mabati Hayajauzwa

Mhadhara uliotolewa Jinja, Uganda, mbele ya wasanii, walimu na wastaafu wa viwandani

Ndugu zangu, wazee wangu, shikamooni. Sitawachosha na historia ya Jinja. Bwawa la Owen Falls, kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile, shaba ya Kilembe iliyoletwa hapa kuyeyushwa, Wahindi kufukuzwa mwaka 1972 na yaliyofuata: hayo wengi wenu mmeyaishi. Mimi naanzia Namasagali, kule Kamuli.

Kila ninapotaja kugeuza kiwanda kikongwe kuwa nyumba ya sanaa, naambiwa hayo ni mambo ya Wazungu. Nakumbushwa London, kituo cha umeme cha Bankside kilichozimwa 1981 na kufunguliwa 2000 kama jumba la sanaa la Tate Modern. Haya, twendeni Kamuli. Reli ya Busoga ilitoka hapa ikafika Namasagali mwaka 1912. Kwa nini Namasagali? Kwa sababu Nile ikitoka Jinja ni maporomoko tu, meli haipiti. Mzigo ulipanda treni hapa, ukashushwa kule, ukaingia melini, ukavuka Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port. Meli zilirudi na pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua zilinyesha kupita kiasi, mto ukafurika, bandari ikafa.

Majengo yakabaki. Mtu angeweza kung'oa mabati na kuuza vyuma, nani angemzuia? Lakini katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1960 ikaanzishwa shule mumo humo, katika majengo ya reli na bandari. Na haikuwa shule ya kukariri tu. Namasagali ilivuma Uganda nzima kwa maigizo na dansi, ikawa inapeleka maonyesho yake hadi Jumba la Taifa la Maigizo, Kampala. Wakati watoto wale wanafanya mazoezi pale palipokuwa pa makuli na makarani wa reli, Bankside ilikuwa bado inafua umeme! Sasa nani amemwiga nani? Naomba neno hili la Wazungu tulizike leo, nimelijibu vya kutosha.

Kuna mwingine anasema moyoni: sisi tunataka ajira, wewe unatuletea ngoma. Mzee wangu, hata mimi nataka viwanda. Sijamwambia mtu afunge kiwanda kinachofanya kazi. Nasemea kile kinu cha kuchambua pamba ambacho pamba haikifikii tena, mashine zake zinakatwa na kuuzwa kwa kilo. Kisipotumika, kitabomolewa, na kiwanja kitapata mnunuzi kabla vumbi halijatulia. Na jukwaa nalo lina kazi: fundi wa taa, seremala, mchomeleaji, mshonaji wa mavazi, mama wa chapati getini. Nairobi walianza 2003 ndani ya ghala, Eneo la Viwanda, wakaliita GoDown, na wachoraji, wacheza dansi na wanamuziki wakapata pa kufanyia kazi. Walianza na ghala lilivyo. Sisi tunasubiri mfadhili atuletee ramani.

Hata hapa Jinja hatuko mikono mitupu. Stesheni yetu imekuwa Makumbusho ya Reli tangu 2022. Nendeni mkaione, na mwende na wajukuu.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Tukishapata jengo, tunakimbilia rangi. Tunang'oa mashine, tunapiga plasta, tunaweka vigae, mwisho tunabaki na ukumbi wa harusi. Cape Town waligeuza maghala marefu ya nafaka kuwa jumba la sanaa, Zeitz MOCAA, mwaka 2017. Walikata yale mapipa marefu ya zege yaliyohifadhi nafaka, lakini mikato yenyewe wakaiacha ionekane, ukiingia unajua nafaka ilikaa humu. Acheni mashine moja mahali pake. Acheni kengele ya zamu. Na mwiteni aliyeiendesha aeleze, kwa Kiswahili kile kile kilichowaunganisha watu wa Walukuba, mtaa wetu wa wafanyakazi, waliotoka kila pembe, Mluo, Msamia, Mteso, Msoga, wakaelewana kwenye laini ya kazi.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Haraka haraka basi. Paa za asbesto: msizivunje kwa nyundo, vumbi lake linaua mapafu taratibu, tafuteni wataalamu kabla ya kugusa chochote. Hati ya kiwanja: hakikisheni mnajua mmiliki ni nani na mna mkataba wa miaka mingi, la sivyo mtakarabati na kufukuzwa. Sheria ya kulinda majengo ya kihistoria: ile ya 1967 ilikuwa imechakaa, tuna mpya ya 2023, ya makumbusho na maeneo ya kumbukumbu, isomeni, ombeni majengo yaorodheshwe mapema. Suala la kodi ya pango kwa wasanii nilitaka kulizungumzia kwa kirefu, itabidi lingoje.

Wastaafu mliokuja na vitambulisho vya zamani, picha au kadi za zamu, msiondoke navyo kabla hatujavipiga picha. Vijana wenye simu wako meza ya nyuma. Sasa maswali, tuanze na mama pale.