Zilipendwa Zilizo Kabatini: Namna ya Kuokoa Sauti ya Ujana kutoka kwenye Kaseti

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, karibuni, na asanteni kwa kuja.

Leo nina mambo mawili. La kwanza ni kwa nini mtu wa miaka sabini akisikia gitaa la Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, huinuka kitini, lakini wimbo uliotoka mwaka jana haumtikisi. La pili, ambalo ndilo litakalochukua muda wetu mwingi, ni hali ya nyimbo zenyewe: ziko wapi, zinaharibika vipi, na mwenye boksi la kaseti nyumbani afanye nini kabla hazijanyamaza.

Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, waliwasikilizisha watu 108, wenye umri wa miaka 16 hadi 86, vipande vya nyimbo 28 zilizovuma kati ya 1932 na 1986. Mapenzi yalifika kileleni kwa nyimbo zilizovuma msikilizaji akiwa na miaka 23 na nusu hivi. Zilizotangulia zilipendwa kidogo, na zilizofuata vivyo hivyo. Umri huo ndio mtu anapata kazi ya kwanza, anahama kwao, anachumbia. Mambo ya mara ya kwanza hukaa kichwani kwa nguvu, na wimbo uliokuwa hewani wakati huo hukaa pamoja nayo. Mwaka 2013 Carol Lynne Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na mwenzake Justin Zupnick wakaonyesha kwamba vijana wa miaka 20 walikuwa na mapenzi ya pekee pia kwa nyimbo za ujana wa wazazi wao. Ndiyo maana leo naona humu ndani watu ambao hawakuwa wamezaliwa mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe anafariki, Januari 1979, na bado wanazijua beti zake.

Kwa Tanzania Bara ongezeni jambo jingine: redio ilikuwa moja. Hadi redio binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya 1990, bendi ikirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, nchi nzima inasikia toleo lile lile, na vipindi vya salamu vinalirudia wiki baada ya wiki. Sikio lilishika wimbo na kila kilichoambatana nao: mwendo wake, sauti ya mawimbi ya kati isiyo na ukali wa juu, mahali mpiga solo alipoteleza. Mpeni mzee wimbo huo huo uliorekodiwa upya kwa mitambo mizuri, atausifu kwa adabu kisha aulize ule wa zamani uko wapi. Yuko sahihi. Wa zamani ni kitu kingine.

Hapo ndipo kaseti inapopata uzito. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kugandamiza santuri. Nyimbo zilikwenda kutolewa Nairobi, na zikatoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 ambazo upande mmoja hubeba dakika tatu au nne tu. Sasa wimbo wa dansi una sehemu mbili: maneno taratibu kwanza, kisha chemko, magitaa yanapoachiwa na watu wanamiminika ukumbini. Kwenye santuri wimbo ulikatwa katikati, chemko likahamia upande wa pili. Toleo la redio halikukatwa. Tena nyimbo nyingi zilizorekodiwa redioni hazikuwahi kuwa santuri kabisa. Mtu aliyekaa na redio kaseti yake miaka ya 1980 akabonyeza kitufe cha kurekodi, huenda ameshika nakala ambayo haipatikani dukani popote.

Kaseti ina utepe wa plastiki wenye upana usiofika milimita 4, uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, unaopita mbele ya hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma na kurekodi sauti, kwa sentimita 4.76 kwa sekunde. C60, yaani kaseti ya dakika 60, ina utepe wa mita 90 hivi. C90 ina mita 135 ndani ya kasha lile lile, kwa hiyo utepe wake ni mwembamba zaidi. C120 ni mwembamba kupita kiasi, na ndiyo inayoliwa na redio kuliko nyingine zote. Mwenye C120 asiirudishe wala kuipeleka mbele kwa kasi bila sababu.

Kabla ya kupiga chochote, itazameni kaseti kwenye mwanga. Angalieni kipande kidogo cha sufi kilicho katikati ya mdomo wake, juu ya kibati chembamba. Kazi yake ni kuubana utepe dhidi ya hedi. Gundi yake hukauka, kipande kinadondoka, na kaseti inatoa sauti iliyofifia inayokuja na kuondoka. Wengi huitupa wakidhani sauti imefutika. Haijafutika. Tafuteni kaseti tupu ya bei rahisi yenye skrubu tano, ifungueni, mhamishe magurudumu yote mawili yenye utepe kwenye kasha hilo lenye sufi nzima. Fanyeni hivyo juu ya meza safi, bila feni, na mpige picha njia ya utepe kabla ya kugusa kitu. Kasha la zamani lisilo na skrubu limegandishwa. Lipasueni kwa kisu chembamba kwenye mshono, mkianzia upande wa mgongoni, mbali na utepe.

Kisha vunjeni vile vijino viwili vya mgongoni kama bado vipo. Kijino kikivunjwa, mashine haiwezi kurekodi juu ya sauti iliyopo. Nyimbo nyingi zimezikwa chini ya kelele za mtoto aliyebonyeza kitufe chekundu.

Mkiona madoa meupe kwenye ukingo wa mzunguko wa utepe, huo ni ukungu. Pwani na maeneo ya ziwa ni jambo la kawaida. Msiiweke kwenye mashine, maana itaupeleka kwenye kaseti zote zitakazofuata. Ifungieni kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kukaushia unyevu, kwa siku kadhaa. Baada ya hapo vaeni barakoa, tokeni nje, mzungushe utepe taratibu kwa kalamu ya Bic ya pembe sita huku mkiupitisha kwenye kitambaa laini kikavu.

Utepe uliokatika haufungwi kwa seloteipu. Gundi yake huvuja kwa joto, inagandisha mzunguko mmoja na unaofuata, na mara ya pili mnang'oa unga wa sauti wenyewe. Tumieni utepe maalum wa kuungia, na uwekwe upande wa nyuma, ule usiogusa hedi. Habari njema ni kwamba mara nyingi kaseti hukatikia mwishoni kabisa, pale utepe unapobanwa kwenye gurudumu, kwa sababu ya kishindo cha kurudisha kwa kasi. Hapo hakuna wimbo uliopotea.

Sasa mashine. Deki ya mezani yenye matundu ya kutolea sauti nyuma ndiyo inayofaa. Vile vidude vidogo vya kupigia kaseti vya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta sivipendekezi, kwa sababu mota zake hazishiki mwendo, na gitaa la solo linayumba. Deki iliyokaa miaka bila kutumika karibu kila mara inahitaji mkanda mpya wa mpira, maana wa zamani umelegea au umeyeyuka. Mkanda uliolegea ndio unaofanya redio itafune kanda: rola inaendelea kuusukuma utepe, gurudumu la kuupokea halizunguki, utepe unakosa pa kwenda na kujiviringisha kwenye rola.

Hedi na kijiti cha chuma kinachovuta utepe visafisheni kwa pamba ya kijiti na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ile wanayotumia mafundi simu. Rola ya mpira isafisheni kwa maji na sabuni kidogo, kwa sababu alkoholi inaweza kuukausha mpira. Kuna mafundi watakaowapa thina. Kataeni, inakula plastiki na mpira. Mkinakili boksi zima, rudieni usafi huu kila baada ya kaseti chache, na mara moja mkiona pamba inatoka kahawia.

Hapa niwaombe tuende polepole, kwa sababu ni hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Hedi iliyorekodi kaseti yenu mwaka 1983 haikuwa imesimama wima sawasawa na hedi ya deki yenu ya leo. Tofauti hiyo ndogo inaua sauti za juu: herufi "s" za mwimbaji, kayamba, matoazi. Watu wanasema kaseti imezeeka, kumbe hedi imeinama. Kando ya hedi kuna skrubu moja yenye springi. Wekeni alama ya mahali ilipo kwa rangi ya kucha, pigeni kaseti, changanyeni chaneli ya kushoto na ya kulia ziwe moja, kisha zungusheni skrubu kidogo kidogo kwa bisibisi ndogo, bila kuzidi robo mzunguko kila upande. Mtasikia kayamba linafunguka ghafla. Simameni hapo. Kila kaseti ina mahali pake. Mkimaliza, rudisheni skrubu kwenye alama.

Kitufe cha Dolby, mfumo wa kupunguza kelele za utepe, kizimwe kwa kanda zilizorekodiwa nyumbani kwa redio kaseti. Kikiwashwa kinapunguza sauti za juu ambazo hazikuongezwa wakati wa kurekodi.

Unganisheni deki na kompyuta kwa kupitia kifaa cha USB chenye tundu la kuingizia sauti, siyo tundu la maikrofoni. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodini kwa biti 24 na kilohezi 48, faili la WAV. Saa moja itachukua gigabaiti 1 na ziada kidogo, na C90 nzima gigabaiti 1.6 hivi. Mwenye nafasi kwenye diski atumie kilohezi 96, ambacho ndicho maktaba za sauti hupendelea. Kilele cha sauti kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Sauti ikipasuka kwa kuzidi, hakuna programu inayoirudisha kikamilifu, na ikiwa chini kidogo inaongezwa baadaye bila hasara ya maana.

Mwendo ndio unaobaki. Kanda nyingi zilinakiliwa kutoka redio kaseti moja kwenda nyingine, na kila moja ilikuwa na kasi yake, kwa hiyo mwimbaji Gurumo mnayemsikia huenda yuko juu ya sauti yake halisi karibu nusu toni, yaani asilimia 6. Kama mashine iliyorekodi ilichomekwa ukutani, mara nyingi ule mvumo wa umeme umeingia kwenye utepe. Umeme wetu ni hezi 50. Chukueni sehemu tulivu kati ya wimbo na wimbo, fungueni mchoro wa masafa ya sauti (spectrum), tazameni karibu na 50. Mara nyingine mtaona vilele viwili: kimoja kwenye 50 kamili, ambacho ni mvumo wa deki yenu ya leo, na kingine pembeni, ambacho ndicho cha siku ya kurekodi. Kikiwa kwenye 52, kanda inakimbia. Punguzeni mwendo kwa asilimia 3.85 kikae kwenye 50. Iliyorekodiwa kwa betri haina alama hiyo, na hapo mtegemee masikio ya mtu anayeijua sauti ya mwimbaji. Hata penye alama, msikilizisheni mtu huyo, kwa sababu umeme nao huyumba. Msitegemee kipimo cha kukazia gitaa. Bendi ilikaza magitaa yapatane yenyewe kwa yenyewe.

Marekebisho yote yafanyike kwenye nakala. Faili la kwanza liachwe lilivyo, pamoja na mikwaruzo, sauti ya mtangazaji na mlango unaofungwa. Programu za kuondoa kelele hula kayamba na pumzi ya saksafoni, na mzee mtakayempelekea atasikia kuna kitu kimekosekana hata kama hawezi kukitaja. Mtangazaji msimkate hata kidogo. Yeye ndiye anayetaja bendi, kipindi, pengine na tarehe.

Asipotaja, tumieni majina. Lebo ya NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa 1964 kisha ikabadilishwa jina mara kadhaa, inawapeleka kabla ya mwisho wa miaka ya 1970. JUWATA ni zaidi miaka ya 1980, OTTU ni miaka ya 1990, kisha Msondo Ngoma. Mlimani Park haipo kabla ya 1978. Mbaraka akiwa na Super Volcano ni baada ya kuondoka Morogoro Jazz, yaani kati ya 1973 na kifo chake. Waimbaji nao walihama: sauti ya Muhiddin Maalim Gurumo peke yake haitoshi kuitambulisha bendi, kwa sababu aliimba NUTA, Mlimani Park na Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Andikeni pia kilichoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya kaseti, herufi kwa herufi, hata kama mnadhani kimekosewa, na mpige picha karatasi yenyewe.

Wekeni nakala tatu: mbili kwenye diski tofauti, ya tatu nje ya nyumba. Za kugawia ndugu fanyeni MP3, na kwenye WhatsApp zitumwe kama hati, zisirekodiwe upya kama ujumbe wa sauti, maana huo hubana sauti hadi besi inapotea. Kuuza ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inawalinda watunzi na warithi wao, na aliyehifadhi kaseti hajawa mmiliki wa wimbo. Mkitaka kutoa kwa biashara, anzieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Kaseti yenyewe msiitupe baada ya kunakili. Isimamisheni wima kwenye kasha lake, mbali na spika na jua, sehemu kavu. Wimbo uliosomwa vibaya leo unaweza kusomwa tena.

Deki iko hapa mezani, imesafishwa, na bisibisi ipo. Waliokuja na kaseti wapite mbele. Tutaanza na zenye sufi iliyodondoka, kisha tutarekebisha hedi kwa kila moja huku nikijibu maswali.