Kabla ya Rangi Nyekundu: Simulesheni kwa Wanaounda Roboti
(Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari, Arusha)

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo? Asanteni kwa kunipa Jumamosi yenu.

Najua mlichokuja kuona ni ile picha ya rangi: mkono wa roboti kwenye skrini, bluu huku, nyekundu kule, na mtu anatangaza kwamba penye nyekundu ndipo patakapovunjika. Tutafika. Kwanza shikeni kalamu.

Tuseme mkono wenu ni flati ba ya alumini, upana milimita 40, unene 3, urefu sentimita 40. Upande mmoja umefungwa kwenye bodi, ncha ya pili imebeba kilo 2, yaani kani ya nyutoni 20 hivi. Ukiilaza bapa, ncha inashuka karibu milimita 68. Isimamishe kwa ubavu, ba ileile, mzigo uleule: haishuki hata nusu milimita. Mnacheka, lakini fundi paa yeyote pale mtaani Unga Limited analijua hilo, ndiyo maana mbao ya mbili kwa nne anaisimamisha. Kimo cha ba, yaani kutoka juu hadi chini, kikiongezeka mara mbili, ugumu wa kupinda unaongezeka mara nane.

Kwa hesabu hiyo, karatasi inatosha. Ila mkono wenu hautabaki ba iliyonyooka. Mtautoboa kupunguza uzito, mtaukata, mtaupachika mota. Hapo fomula ya darasani inagota. Kompyuta inaugawa mkono katika maelfu ya vipande vidogo, kila kimoja na mlinganyo wake mwepesi, kisha inaikokotoa yote kwa pamoja. Jina la njia hii linalotumika hadi leo, finite element method, lilitolewa mwaka 1960 na Ray Clough, mhandisi wa Marekani. FreeCAD, programu ya kuchorea vifaa, ni ya bure, inatumia programu nyingine iitwayo CalculiX kupiga hesabu hizo, na laptop ya kawaida inaiweza.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana timu nyingi ndipo zinapopotelea. Ukiiambia programu kwamba shina la mkono limeshikwa kabisa, inakuamini. Kumbe nyinyi mmekaza bolti mbili kwenye bamba jembamba, na bamba lenyewe linacheza! Mkono wa kweli utashuka kuliko wa kwenye skrini.

Halafu kuna kona ya ndani iliyochorwa kali, bila mviringo. Ukipunguza ukubwa wa vipande, mkazo, yaani kani kwa kila eneo, unapanda. Ukipunguza tena, unapanda tena, wala hautulii. Mwanafunzi anashtuka, anaongeza unene wa mkono mzima, roboti inakuwa nzito bure. Weka mviringo mdogo, kama tupa itakavyouacha, namba itatulia.

Tundu la duara lina tabia nzuri zaidi. Kwenye bamba pana linalovutwa, mkazo wa juu kabisa ukingoni mwa tundu dogo ni mara 3 ya ule wa mbali na tundu. Programu ikikupa karibu 3, umeipanga sawasawa.

Leo tunaanza na ba yetu ikiwa imelazwa. Ukipata karibu 68, endelea. Ukipata 0.4, kani umeielekeza upande wa ubavu. Ukipata maelfu, kagua vipimo, huenda umechanganya mita na milimita. Pale nyuma kuna ba yenyewe, klempu, rula na chupa ya maji ya lita 2. Kundi la kwanza wakapime, wengine washeni kompyuta.