Jinsi ya kuiona galaksi ya M83 ukiwa Kigoma

Karibuni watazamaji. Leo tunaisaka M83, galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 15 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri mwaka mzima), na tutatumia darubini ya mkononi tu, ile ya macho mawili, 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za milimita 50.

Kwanza usiku wenyewe. Chagua katikati ya Juni, saa tatu usiku, mwezi usiwepo. Giza hilo ndilo wanalolipenda wavuvi wa dagaa pia, kwa hiyo Ziwa Tanganyika likiwa halijafungwa kupumzisha uvuvi utakuta taa zao zimetapakaa majini. Zisikusumbue: geukia kusini, ziwa libaki mkono wa kulia. Usingoje Agosti, moshi wa mapori yanayochomwa huharibu anga.

Tandika mkeka, lala chali, miguu kusini. Zima simu kabisa. Dakika 20 gizani, macho yazoee.

Sasa tazama karibu na utosini. Nyota kali yenye weupe wa kibuluu ni Spica. Ile ya rangi ya chungwa upande wa kaskazini ni Arcturus, achana nayo. Nyoosha mkono, kunja ngumi: toka Spica shuka kusini ngumi mbili kasoro kidogo, ukiegemea kushoto kidogo tu. Pekua hapo taratibu na darubini. Unatafuta kiwingu cha mviringo, hafifu, kisichometameta. Kikikuponyoka usikikodolee, tazama pembeni yake, kitajitokeza chenyewe.

Msitarajie picha hii iliyo kwenye skrini, hiyo ni kazi ya teleskopu kubwa. Mnaona mikono iliyojipinda, na ufito wa nyota unaokatiza katikati? Ufito huo ndio unaoivuta gesi hadi kwenye kiini, na huko nyota mpya zinazaliwa kwa wingi. Tangu 1923 watu wameshuhudia nyota sita zikilipuka humo. Na galaksi yenyewe inazidi kutukimbia, kilomita kama 500 kwa sekunde.

Mwanaastronomia Mfaransa Charles Messier aliiingiza kwenye orodha yake ya vitu hafifu vya angani mwaka 1781, lakini kwa taabu, maana ukiwa Paris haipandi zaidi ya nyuzi 11 hivi juu ya upeo wa macho. Kwetu inafika 65. Hapo Mfaransa tumemzidi.

Ukishuka kusini karibu ngumi mbili nyingine utakuta donge kubwa, ang'avu zaidi. Usidanganyike ukadhani ndiyo M83: hiyo ni Omega Centauri, kundi la nyota la humu humu kwenye galaksi yetu, miaka ya nuru kama 17,000 tu.